Bibi na Vidonge vya Mafuta ya Samaki

Mwandiko wangu unapanda na kushuka, na herufi nyingine nitazikosea. Mnivumilie. Niliishia darasa la saba, na kalamu siishiki mara kwa mara.

Kwetu Kunduchi tunakula mkekani, sinia moja, na bibi ndiye aliyekuwa akichambua samaki na kumsogezea kila mtu kipande chake. Magoti yalipomvimba akashindwa kukaa chini. Akawa anakula kwenye kiti, na sahani yake peke yake.

"Nakula kama mgeni nyumbani kwangu," alisema, na wali akauacha.

Mjomba akamletea kopo la vidonge vya mafuta ya samaki, virutubisho vya viungo. Daktari wa kliniki aliviangalia, akasema anaweza kuvitumia, ila mazoezi ya miguu asiache.

Bibi akacheka. "Mie nimekaanga samaki miaka yote hii, leo mnaniletea samaki wa kopo?"

"Unameza tu, mama."

"Goti liko huku, tumbo liko kule. Hiyo dawa itajuaje njia?"

Mjomba alipoondoka, bibi akavitoboa vidonge kwa sindano, akajichua magoti kwa mafuta yake. Siku hiyo paka wa mtaa mzima walimfuata mpaka mlango wa choo. Mjomba aliporudi akawakuta wamemzunguka.

"Mama, umejipaka kitoweo!"

Tangu hapo akawa anameza, na mazoezi ya miguu akiyafanya. Mimi nilikaa pembeni nikimtazama, nikiliwaza swali lake. Kidonge kinashuka gizani, hakuna wa kukielekeza. Nilistaajabu kwamba tunatembea na njia zote hizo ndani yetu na hatujawahi kuziona.

Miezi ikapita. Ijumaa moja mchana, sinia limeshawekwa, bibi akanishika bega. Akaanza kushuka. Goti moja, akapumzika, kisha la pili, uso umekunjamana. Hakuna aliyegusa wali. Akakaa. Akamvuta samaki, akachambua, akanisogezea nyama ya shavu.

"Mbona mnanikodolea macho? Kuleni, chakula kinapoa."

Nikaipokea ile nyama. Nilikuwa kama nimeona mtu akirudi kutoka safari ya mbali.

Bibi anasema ni vidonge. Daktari anasema ni mazoezi. Mimi sijui, na sioni aibu kusema sijui. Kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyewahi kuvitumia, naomba mniandikie mnieleze ilikuwaje, hata kama havikumsaidia.