Dagaa Walioshiba

Nipe dagaa mmoja mkavu, nimpasue tumbo kwa ukucha, nitakuambia bahari ilikuwaje siku alipovuliwa. Najisifu, najua, lakini sijisifu bure. Ujuzi huu niliupata kwa aibu, mbele ya gulio zima la Ruangwa.

Miaka ya tisini mama yangu alikuwa na meza ya dagaa sokoni. Sisi ni watu wa jembe, wa Malolo; bahari tuliifahamu ndani ya gunia tu. Miguu yake ilipoanza kuvimba, akanituma Lindi nikachague mzigo peke yangu.

"Ukichagua vizuri, meza ni yako," alisema. "Ukishindwa tunaifunga, turudi kwenye ufuta."

Kupalilia ufuta nilikuchukia kuliko homa.

Nilifika pwani masika ndiyo kwanza yamekatika. Bahari niliyoitarajia iwe ya buluu kama kwenye kalenda ilikuwa ya kijani, kama maji yaliyochemshiwa kisamvu. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa alinieleza hata kabla sijauliza. Mito imeshusha udongo wa mashamba yenu, alisema, na udongo huo unalisha vijidudu ambavyo jicho halivioni. Dagaa wanavifuata, wanakula kutwa kucha, na nyuma yao wanakuja vibua kuwala wao. Kaskazi ikivuma maji hutakata, dagaa hukonda.

"Hawa wa sasa wameshiba mno, mwanangu, hawatunziki. Chukua wale wembamba waliovuliwa kabla ya masika."

"Asante, mama," nilijibu, na moyoni nikamcheka. Mkulima gani huacha suke lililojaa akachukua pepe? Nikachagua wenye matumbo manene, kwa mkono wangu mwenyewe, mpaka gunia likajaa.

Tulipolifungua nyumbani, matumbo mengi yalikuwa yamepasuka, na chakula kilichobaki ndani kimekuwa kichungu kama shubiri. Mama alitafuna mmoja, akatema. Siku ya gulio alinikalisha kwenye kigoda chake, yeye akaegemea fimbo nyuma yangu.

"Mteja haachi kuonja," alisema. "Mwonjeshe, halafu mwambie kwa mdomo wako."

Nikawaonjesha mmoja mmoja. "Wachungu," nikasema. "Nilichagua vibaya." Wengine walikunja uso, wengine walicheka mpaka wakasikika meza ya jirani. Akaja bibi mmoja wa Chunyu, mteja wa mama tangu sijazaliwa. Alionja, akatema pembeni, akanitazama.

"Kwa hiyo unanifukuza, mjukuu wangu?"

"Ndiyo, bibi. Leo usinunue kwangu." Machozi yalinitoka waziwazi, wala sikuyafuta.

"Haya. Ukipata wazuri, niwekee."

Mpaka jua linashuka hatukuwa tumeuza hata kopo moja. Nikaanza kukunja turubai taratibu, nikiamini naikunja kwa mara ya mwisho. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza jembe langu liko wapi. Mama akanishika mkono.

"Umemsikia bibi wa Chunyu?"

"Nimemsikia."

"Kasema 'niwekee'. Miaka yote hiyo alikuwa ananiambia mimi."

Akashika fimbo yake, akaenda nyumbani polepole. Kigoda aliniachia.