Barua Tatu Nilizompelekea Mungu Bila Kuzifungua

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usianze kutafuta mwingine wa kulaumu, maana mtu huyo niliwahi kuwapa watu, nao wakamlaumu karibu miaka miwili. Jina langu naliacha. Wa huku kwetu wakisoma watanijua, na wanijue tu.

Mimi ni mchumaji wa maua ya pareto katika shamba moja la mzungu huku juu ya Molo. Mume wangu, baba watoto, alikuwa dereva wa trekta hapo hapo. Yeye hajui kusoma, mimi najua. Nilijifunza katika darasa la ubatizo, na siku za darasa yeye ndiye aliyebaki na mtoto mgongoni, mwanamume mzima, wenzake wakimcheka mpaka machozi. Aliwajibu kwamba nyumba yake lazima iwe na mtu wa kusoma.

Kisha kifua kikamshika. Alipokohoa damu, bwana mkubwa aliamuru apandishwe lori la maziwa apelekwe hospitali mjini Nakuru. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya Mau Mau. Mtu wa kabila letu hakutoka shambani bila karatasi ya ruhusa, nami nilikuwa na mtoto wa kunyonya. Nikabaki.

Jamani, wasiwasi! Wewe uliyewahi kuupata unajua. Ugali sikuuonja. Lori la maziwa likisikika linapanda kilima, nilijiambia kwamba leo limerudi na habari ya msiba. Mwaka uliotangulia ilikuja barua ya kifo cha kaka yangu, na mimi ndiye niliyemsomea mama yetu. Mama alianguka chini kwa maneno yaliyotoka kinywani mwangu. Tangu siku hiyo niliogopa bahasha kuliko nyoka.

Jumapili tulikuwa tukikusanyika katika banda la kukaushia pareto, watu wa kila kabila, Kiswahili kikituunganisha. Desturi yetu ni kwamba kila mmoja husimama na kusema wazi yaliyo moyoni mwake, dhambi au ushindi, asifiche kitu. Siku moja mwinjilisti alikuja kwa baisikeli kutoka Elburgon akatuhubiria habari ya yule mfalme wa Yuda aliyeletewa barua ya vitisho, naye akaipeleka nyumbani kwa Bwana akaikunjua mbele zake. Alihubiri jasho likamtoka, na baridi yote ile.

Mimi nilitoka pale nimepata dawa. Barua ya kutisha ni ya kupelekewa Mungu. Basi! Mahubiri yote yalikuwa marefu, lakini mimi nilichukua kipande kilichonifaa, kingine nikakiacha pale pale kwenye benchi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye dirisha la stoo kuchukua posho. Karani wetu, Musa, mzee wa kanisa, mtu mpole wa maneno machache, alinipimia unga kisha akanipa bahasha.

"Yako hii. Imetoka Nakuru," akasema. "Nafikiri ni habari njema, mama. Fungua."

Sikufungua. Niliipeleka nyumbani, nikaitia katikati ya Biblia yangu, nikapiga magoti nikaomba: "Bwana, unajua yaliyomo. Mimi sitaki kuyajua. Nakuachia wewe."

Na amani ikaja! Hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu ilikuja kweli. Nilikula ugali siku hiyo, na usingizi nikaupata. Leo najua ilikuwa nafuu ya mtu aliyefunga mlango wakati anapobishiwa hodi, lakini siku ile niliiita imani.

Jumapili nilisimama bandani nikashuhudia kwamba wasiwasi umekwisha, nimemtwika Bwana mzigo wote. Habari ya bahasha sikuitaja. Watu waliimba, wakanikumbatia. Wakaanza kuniletea kina mama wenye hofu zao niwaombee. Mimi huyu! Niliwawekea mikono kichwani nikawaambia, "Dada, mwachie Mungu tu, usichunguzechunguze." Na sifa ni tamu, usidanganywe.

Mama Lea, jirani yangu, mke wa mkamuaji wa ng'ombe, aliisikia ile habari ya barua kwa mumewe, ambaye hupakia maziwa kwenye lori lililoileta. Akaniuliza tukiwa mtoni, "Baba watoto anasemaje kwa barua?"

"Anasema Mungu ni mwema," nikamjibu.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Ulitoka laini kama siagi.

Barua ya pili ikaja, ya tatu ikaja. Zote Musa alinipa pale dirishani, mkononi, hapakuwa na mtu mwingine. Zote nikazitia katika Biblia na kuziombea. Nilifunga hata kula kwa ajili ya ile ya tatu. Kufungua bahasha ni kazi ya kidole kimoja, mimi nikaona heri nishinde na njaa!

Baada ya hapo zikakatika. Wiki nne, tano. Siku moja dereva wa lori la maziwa akanipita shambani akapunguza mwendo.

"Mama, mzee wako alirudi lini? Mwezi uliopita nilimwona amesimama kwa geti ya hospitali, amepona kabisa, amevaa koti. Nikadhani bwana ametuma mtu wa kumchukua."

Kikapu cha pareto kilinianguka. Nilikimbia nyumbani, nikafungua ya kwanza. Ilikuwa imeandikwa na mgonjwa mwenzake. Sindano zimemkubali, damu imekoma, na kifua ni chepesi. Alitaka kujua kama mtoto ameota meno.

Nikafungua ya pili. Anaruhusiwa kutoka mwisho wa mwezi. Ila hospitali inataka barua ya bwana mkubwa kwamba kazi yake bado iko na nyumba iko. Bila barua hiyo serikali itampeleka rizavu, kule walikotoka babu zake, ambako yeye hakuwahi kutia mguu tangu azaliwe. "Mwambie bwana aandike, umpe dereva wa maziwa, ni kitu kidogo."

Ya tatu sikuifungua. Nilijua inasema nini, au nilidhani najua. Nikaikunja ile ya pili, nikazirudisha zote ndani ya Biblia, nikakimbia kwa bwana mkubwa.

Alikuwa verandani anakunywa chai. Nilimweleza nikilia. Akaweka kikombe chini.

"Kwa nini wewe hapana sema mbele? Mimi naandika hiyo barua dakika moja! Sasa mimi iko na dereva mpya. Barua ilikuja lini?"

Ndugu msomaji, hapa ndipo ningeweza kujiokoa. Nilihitaji kusema maneno matatu tu: niliogopa, sikusoma. Lakini mimi ni dada wa amani! Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaombea wenye hofu! Ulimi ukateleza wenyewe.

"Ilikuja ya kwanza tu, bwana. Zile zingine sikupewa, habari hii nimeipata leo kwa dereva wa maziwa."

Akageuka kuelekea stoo, uso umekuwa mwekundu. Musa aliitwa. Alisimama juani kofia mkononi, akasema, "Bwana, mimi nilimpa." Mimi nikaangalia chini. Siku hiyo hiyo alinyang'anywa funguo za stoo akapewa jembe. Mtu aliyeshika kalamu miaka mingi!

Mume wangu alikuwa ameshapelekwa rizavu. Nilipojua aliko nilimwandikia, na uongo ule ule nikauandika kwa mwandiko mzuri: barua zako mbili zilipotelea kwa karani. Alijibu kwamba moyo wake umepoa, kwani alidhani nimechoka na mgonjwa. Akanipa pole. Alinipa pole mimi!

Nyumba ya dereva nilitolewa, nikapewa kibanda kule chini penye matope. Mtoto aliota meno yote, akatembea, akaanza kuongea, na baba yake hayupo. Lakini mateso makubwa yalikuwa Jumapili. Musa alikuja kila juma na kukaa benchi la nyuma. Watu waliacha nafasi kati yake na wao. Mara mbili mwinjilisti alimsihi atembee nuruni, aseme alichofanya. Musa alisema, "Sina la kusema," watu wakatikisa vichwa. Nami nilikuwa nimekaa mbele, na barua alizonipa ziko ndani ya Biblia mapajani mwangu. Wasiwasi wangu wa zamani ulirudi na ndugu zake saba. Maombi yakawa makavu. Utamwomba Mungu akuondolee hofu ya kitu gani, kama hofu yako ni kwamba ukweli utajulikana?

Vizuizi vya safari vilipolegezwa, baba watoto alirudi. Amekonda, mvi zimemwingia. Trekta ilikuwa na mwenyewe, akapewa jembe, safu moja na Musa. Walilima bega kwa bega wiki nzima, na mume wangu hakuitikia salamu yake hata mara moja.

Jumapili hiyo ilikuwa ya Meza ya Bwana. Mwinjilisti akauliza kama kuna mwenye neno na mwenziwe, alitoe kabla ya kushiriki. Mume wangu akasimama.

"Mimi siwezi kula meza moja na mtu aliyeniibia barua. Miaka miwili nimekaa ugenini kwa sababu yake. Aombe msamaha, ama mimi nitoke."

Banda zima likageukia nyuma. Musa akasimama polepole.

"Baba watoto, nilimpa mkononi," alisema. "Kama sivyo, Mungu anaona. Lakini wewe usitoke. Nitatoka mimi." Akachukua kofia yake akaanza kwenda mlangoni.

Sikuamua kusimama. Nilijikuta nimesimama. "Musa, rudi!" Sauti ilitoka vibaya, kama ya mtu anayepiga kelele za moto. Nikaifungua Biblia mbele ya watu wote, nikazitoa bahasha tatu. Nikasema yote. Uongo wa mtoni, wa verandani, wa kwenye barua. Nilisema kwamba amani niliyowahubiria haikuwa amani, ilikuwa woga uliovaa kanzu.

Hakuna aliyeimba. Kwetu mtu akiungama huimbwa, lakini siku hiyo hakuna aliyeimba.

Mume wangu alikuja mbele, akazichukua bahasha, akazigeuza. Mbili zimefunguliwa, moja bado imefungwa. Akanirudishia ile moja.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Nisomee."

"Baba watoto, tafadhali..."

"Nisomee."

Nikaichana, nikasoma kwa sauti mbele ya kanisa lote. Ilikuwa fupi:

"Mke wangu, karatasi ya bwana haijafika. Hapa wamenipa mpaka Jumatatu ijayo saa nane, kisha wananipakia lori la rizavu. Wenzangu wananicheka kwamba umenitupa. Nimewaambia ninyi wake zenu hawajui kusoma, lakini wangu barua ikifika tu anaisoma. Mimi sina wasiwasi. Nitakuwa nimesimama getini."

Sijui nilimalizaje. Najua Mama Lea ndiye aliyenishika mkono, na ndiye aliyeninong'oneza, si kwa ukali, "Lakini mama, mfalme aliisoma kwanza. Mwinjilisti si alisema? Alipokea barua, akaisoma, ndio akapeleka kwa Mungu. Hata mimi nisiyejua kusoma nilisikia."

Musa alirudi kutoka mlangoni, akanipa mkono. Hakuhubiri. Alisema, "Sasa nitalala, dada." Kumbe na yeye alikuwa halali! Nilikwenda kwa bwana mkubwa kesho yake nikasema kweli. Akanitukana, na haki yake. Lakini funguo hazikumrudia Musa, stoo ilikuwa na karani mwingine. Mpaka leo analima. Kila nikimwona ameinama kwenye safu ya pareto nainamisha uso.

Siku ya nne mume wangu alisema kitu kimoja tu: "Ungeniambia unaogopa, ningemwambia mwandishi aandike juu ya bahasha kwa herufi kubwa, NIMEPONA." Akaenda kazini. Tunaishi, tunaomba pamoja, amenisamehe. Lakini nyumbani kwetu hasemi tena kwamba mke wake anajua kusoma.

Wasiwasi haujaniacha. Sitakudanganya tena, nimedanganya vya kutosha. Bado lori la maziwa likipanda kilima nasimama kusikiliza. Ila sasa naliangalia jambo usoni, nalijua jina lake, namwita Mama Lea au baba watoto, halafu tunalipeleka kwa Bwana likiwa wazi. Na amani inayokuja hapo ni ndogo, haina shangwe, lakini asubuhi bado ipo.

Wewe uliye na jambo umelificha na kuliita imani: matokeo ya daktari hukwenda kuyachukua, mtu hutaki kumuuliza, karatasi iko chini ya godoro. Usingoje kusimama bandani kama mimi. Mungu hakukuomba ufumbe macho. Lipo, na pengine ni habari njema, na pengine kuna mtu amesimama getini sasa hivi anawaambia wenzake kwamba unakuja.