Rula Hataki Kubebwa Jukwaani

Saa tatu asubuhi, Alhamisi. Fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima humwita Rula, anavua miwani yake nyeusi, anageuza kiti chake cha magurudumu na kuanza kutamba.

"Tangu nishike nyundo sijakosea kipimo. Hata pete ya mke wangu niliikadiria kwa macho tu."

Mbele yake kuna njia ya mteremko ya chuma, urefu mita sita, ya kupandia jukwaa la ukumbi wa burudani. Keshokutwa yeye na mwenzake, dada msusi, watacheza dansi pale juu, wote wawili wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Kwa miaka mitatu wamechezea chini, jirani na mlango wa choo, kwa sababu jukwaa lina ngazi tu.

Msimamizi wa ukumbi alijitolea kuwatafutia vijana wa kuwabeba. Rula akagoma.

"Mimi si kabati," anasema. "Nikibebwa, watu watawapigia makofi wabebaji. Nataka wapigie dansi."

Msimamizi akampa hadi Ijumaa jioni. Njia iwe imekamilika na inapitika, la sivyo warudi kule kwao chooni.

Rula ana miaka arobaini na mmoja. Miaka kumi na miwili iliyopita alianguka kutoka kwenye paa akiwa kazini, na bosi wake akamwambia akapumzike nyumbani. Alivumilia wiki tisa.

"Nilihesabu mijusi wote wa darini, nikaanza kuwapa majina. Nikaona hapana, nitachanganyikiwa."

Akakata miguu ya meza yake ya kazi ilingane na kiti, akafungua karakana. Dansi ilimkuta humohumo.

"Dada msusi alileta kiti nimtengenezee breki, akaniuliza kama nacheza. Nikamwambia miguu yangu haifanyi kazi. Akanijibu, 'Kaka, kwani nimeuliza miguu?'"

Tangu siku hiyo, anasema, macho ya watu yamebadilika. "Zamani walinitazama kwa huruma. Siku hizi wananionea wivu. Wivu mtamu bwana!"

Ijumaa, saa nane mchana, njia imeunganishwa na jukwaa. Rula anapanda na kushuka mara tatu, mkono mmoja ukisukuma, mwingine ukipungia viti vitupu. Kisha msusi anafika na kiti cha kuchezea. Anaingia kwa mbwembwe na kunasa pale pale, katikati ya kingo za njia.

Magurudumu ya viti vya dansi hutanuka kwa chini ili visipinduke wakati wa kuzunguka. Rula anajua hilo, maana viti hivyo kavitengeneza mwenyewe. Lakini njia aliipima kwa kiti alichokuwa amekikalia, kile cha kila siku. Njia ina upana wa sentimita sabini. Kiti cha dansi, themanini na mbili.

"Ile pete ya wifi ilimtosha kweli?" anauliza msusi, bado amenasa.

"Anaivaa kidole gumba," anakiri Rula.

Wanacheka mpaka breki zinalia. Kisha cheche zinaruka: kingo zinakatwa, vipande vinaongezwa kila upande. Utepe wa kupimia safari hii anashika msusi. Saa kumi na moja na nusu, msimamizi anapita juu ya njia hiyo, anarukaruka kama mtoto, na kukubali.

Jumamosi wanapanda bila kuguswa na mtu. Msusi anamzungusha Rula hadi kiti kinasimama kwa gurudumu moja. Bibi mmoja wa mstari wa mbele anapaza sauti, "Hapo hapo! Rudieni!" Wanarudia, mara mbili.

Mpango wa Rula sasa ni zahanati ya mtaani, yenye ngazi sita.

"Wagonjwa wanapandishwa pale kama magunia. Mchoro ninao tayari. Kupima atapima dada."

Baada ya onyesho, mwandishi wa makala haya naye alijaribu kiti cha dansi, akazunguka mara mbili na kushuka jukwaani kwa utulivu mkubwa.

"Utulivu upi?" anauliza msusi, aliyeomba kusomewa makala kabla hayajachapishwa. "Andika vizuri, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekuchomoa kwenye pazia, na wewe ndiye uliyepiga kelele, 'Jamani, nibebeni nishuke!'"