Chumba Kisichomwagwa Zege

Jengo la kwanza la ghorofa nililoliona kwa macho yangu liliota mbele ya mlango wetu, Kibaha, katika miaka ya Ujamaa, wakati ofisi za mkoa zilipokuwa zikihamia pale na wafanyakazi wengi hawakuwa na pa kulala. Sina neno jingine la kueleza kilichotokea isipokuwa kuota. Kwanza palikuwa na mikorosho. Kisha pakawa na mashimo makubwa mekundu, nasi watoto tukakatazwa kuyakaribia. Halafu nondo zikachomoza humo kama mabua, na siku moja niliporudi kutoka shuleni nikakuta mabua yale yamebeba uwanja mzima wa zege, uwanja uliosimama hewani, na juu yake mtu amechuchumaa akivuta sigara kana kwamba amekaa barazani kwake.

Nilisimama pale na madaftari yangu kichwani hadi mama aliponiita. Tangu wakati huo nimeishi katika miji yenye majengo marefu kuliko lile, nimepanda lifti bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi nilizokuwa nikisoma, lakini mshangao ule haujapata mwenzake. Urefu haukunishangaza sana. Kilichonishangaza ni wazo kwamba ardhi inaweza kuongezwa; kwamba penye uwanja mmoja binadamu wanaweza kukubaliana pawe na viwanja vinne, kimoja juu ya kingine, na mvua ikaendelea kunyesha kama kawaida.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, na paa lake la makuti. Ilikuwa mali ya bibi, mama yake baba, na ilisimama mahali ambapo barabara ya kuingilia ofisini ilipangwa kupita. Tuliambiwa kwamba kila familia itakayoondolewa itapewa makao katika jengo lile, kwa kodi ambayo hata tarishi ataimudu. Baba alikuwa tarishi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akipeleka barua katika nyumba za simenti, kisha akirudi kulala chini ya makuti. Jioni alikuwa akivuka uwanja kwenda kuliangalia jengo, na mara nyingine nilimwona akiweka kiganja chake ukutani na kukiacha hapo, kama mtu anayempima mtoto homa.

Kura ikatupa ghorofa ya juu kabisa. Baba alirudi na habari hiyo akicheka peke yake. Bibi alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, akaendelea kuchambua.

"Hongereni," alisema. "Nyie nendeni. Mimi nitarudi kwetu Vihingo."

Vihingo ni upande wa Kisarawe, ndani kabisa kwenye mapori, ambako bibi alizaliwa na ambako alikuwa amebakiwa na kaka mmoja mzee kuliko yeye. Kwenda huko siku zile kulitaka basi, kisha lori la mkaa kama lilipatikana, kisha miguu. Na bibi ndiye aliyenilea. Mama aliugua muda mrefu baada ya kunizaa, na tangu nilipoachishwa ziwa nililala kitanda kimoja na bibi, nikaamka naye, nikajua kutoka kwake ni kuni zipi zinatoa moshi na ni mtu gani wa kuamkiwa kwanza. Nililitaka jengo lile kwa moyo wangu wote. Sasa niliambiwa kwamba nikilipata, nitampoteza yeye.

Baba alidhani kinachomtisha bibi ni ngazi.

"Mama, nitaomba tubadilishiwe, tupewe ya chini."

"Za chini wamepewa wenye vilema. Umeniona na kilema?"

"Basi nitakuwa nakubeba."

"Utanibeba siku moja," bibi akasema, "na siku hiyo sitakuwa na neno la kukuambia."

Baba alijaribu tena siku nyingine kwa habari ya bomba la ndani, na siku nyingine kwa habari ya hospitali iliyokuwa karibu. Bibi alimsikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni, na akaanza kuwagawia majirani mbegu zake.

Hakuwa peke yake mwenye wasiwasi. Mtaa mzima ulilipenda jengo lile na kuliogopa kwa wakati mmoja. Watu waliulizana kisimani mambo ambayo hayakuwahi kuulizwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuishi huku mwenzake akitembea juu ya kichwa chake. Kuku watafugwa wapi? Mwali atawekwa ndani vipi, na mlango wa jirani uko hatua chache kutoka wako? Mwanamke mmoja, shoga wa bibi aliyekuwa akikaanga mihogo barabarani, aligundua kwamba mkwewe amepata vyumba vilivyo juu ya vyake, na hilo lilimkosesha raha kuliko kuvunjiwa nyumba.

Mkutano ukaitishwa siku ya mapumziko. Ofisa aliyesimamia ujenzi, mtu wa Kilwa, kijana bado, mwenye suti ya mikono mifupi, alitaka tukutane juu, kwenye sakafu ya ghorofa ya kwanza ambayo haikuwa na kuta, ili watu wazoee. Wanaume wengi walipanda, baba akiwa miongoni mwao. Wazee wakagoma. Wakatandika khanga zao chini, penye kokoto, na kuketi. Hivyo ukawa mkutano wa tabaka mbili: ofisa alisema huko juu, balozi wetu wa nyumba kumi akasogea ukingoni na kuyarudia maneno kwa sauti, na maswali yakarushwa kutoka chini. Mimi nilikuwa chini, nimeegemea goti la bibi, na shingo iliniuma kwa kutazama juu.

"Muulize kinu tutaweka wapi," shoga wa bibi alisema.

"Anasema kila nyumba ina jiko," balozi akajibu.

"Jiko tumelisikia. Kinu. Nikitwanga kisamvu, wa chini si atakimbia nje akidhani jengo linaanguka?"

Waliokuwa juu wakacheka.

"Msicheke. Na mkwe wangu yuko juu yangu. Nikae nimsikie mkwe akivua viatu?"

"Anasema sakafu ni nene, mama."

"Unene wake si wa kutosha kwa mkwe. Muulize kama hilo jengo linaweza kupinduliwa."

Hata ofisa alicheka kwa hilo. Bibi hakucheka wala hakusema. Ndipo mzee mmoja wa Kinyamwezi, jirani yetu aliyekuja zamani kukata mkonge akabaki, na mzee pekee aliyekubali kupanda, alipochungulia kutoka juu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na kwa sababu hiyo mzee yule aliweza kumwambia bibi mambo ambayo mwanawe mwenyewe asingethubutu kuyataja.

"Bibi Mzaramo," aliita, "mbona leo umenyamaza? Umemeza kokoto?"

"Nasubiri aseme mwenye akili. Wewe endelea."

"Mimi nakijua kinachokuuma. Siku ukifa huko ghorofa ya juu, ufuo tutauchimba wapi? Maji yako yatapenya darini, yamdondokee mtu wa watu kwenye ugali."

Kicheko kilianza, halafu kikakatika kabla hakijafika mwisho. Kwetu maiti huoshwa ndani ya nyumba yake. Chini ya kitanda cha kamba huchimbwa ufuo, handaki dogo linalopokea maji ya mwisho ya mtu, na baada ya maziko hufukiwa, nyumba ikaendelea kukaliwa juu yake. Katika nyumba ile ya bibi alioshwa babu, na kabla yake watoto wawili waliomtangulia baba. Kila aliyeketi kwenye kokoto alikuwa na nyumba ya namna hiyo. Nadhani kila mmoja alikuwa amekwisha kuliwaza jambo lile, akalifukuza, kwa kuwa si la kutamkwa mbele ya watu wakati mnagawiwa makao mapya.

"We mkata mkonge," bibi akasema taratibu, "leo umesema."

Balozi alimgeukia ofisa, akafungua mdomo ili ayarudie maneno yale kama alivyoyarudia ya kinu, akashindwa. Haikuwa lazima, kwani ofisa alikuwa ameyasikia. Alishuka kwa ngazi ya miti, akaja mpaka tulipokuwa, akachuchumaa kwenye kokoto na suruali yake iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ndilo hilo?"

"Ndilo."

"Mama yangu yuko Kilwa," ofisa alisema. "Nilimwambia nitamleta akae nami mjini, ghorofani. Akaniuliza neno hilo hilo. Nikamwambia tutaona."

"Mmeona?" bibi akauliza.

"Bado."

Nilitazama juu. Baba alikuwa amesimama ukingoni, mikono imening'inia, akimwangalia mama yake kana kwamba ndiye jengo na lile jingine ni kichuguu tu. Nami nilimwangalia hivyo hivyo. Nilikuwa nimeishi na bibi miaka yote ile bila kujua kwamba anayo haja kubwa namna hiyo, kubwa kiasi cha kumshusha mtu wa Serikali kutoka juu.

Ofisa aliokota kipande cha mti, akachora jengo kwenye mchanga: vyumba, ngazi, na nyuma yake, kwenye usawa wa ardhi, chumba kimoja kilichokusudiwa kuwekea ndoo na mafagio.

"Hiki kina dirisha na kina mlango," alisema. "Hapa hapatamwagwa zege. Nitaacha udongo."

"Utaacha wewe au itaacha Serikali?"

"Nitaacha mimi. Serikali itakuta nimekwisha kuacha."

Bibi akamtazama sana. Kutoka juu mtani wake akapaza sauti: "Na mlango uwe mpana. Huyu bibi anakula vizuri." Safari hii kicheko kilifika mwisho, na bibi mwenyewe alijifunika mdomo kwa upande wa khanga.

Sijui ofisa yule alivunja kanuni gani, wala alimweleza nini mkubwa wake. Najua tu kwamba mafundi walilalamika, wakisema jengo zima litaonekana halikukamilika kwa ajili ya chumba kimoja. Nimesoma baadaye mengi kuhusu mipango ya makazi ya miaka ile, mazuri na mabaya, na sehemu kubwa ya yale mabaya ni ya kweli. Nilikuwepo watu walipohamishwa bila kuulizwa. Lakini kila ninapofika penye habari za ukaidi wa wapangaji mipango, hunijia chumba kile cha nyuma. Watu walioshwa humo, wa juu na wa chini, na baada ya kila maziko majirani walikuja na majembe kufukia. Bibi naye alioshwa humo, mimi nikiwa chuoni, na niliambiwa kwamba waliochota maji walijipanga kutoka bombani hadi mlangoni. Hayo yalikuja miaka mingi baadaye. Siku ninayoikumbuka mimi ni ile aliyoamua.

Jengo lilikuwa limepakwa rangi ya maziwa. Familia zilikuwa zikipandisha magodoro, na ngazini kulikuwa na mwangwi ambao hatukuwahi kuusikia, hivi kwamba watu walikuwa wakikohoa makusudi ili wajisikie. Bibi alikuwa bado hajasema kama atakaa au atakwenda. Alitoka nyumbani na jembe begani, mimi nyuma yake, akapita mlango mkubwa bila kuutazama, akazunguka hadi nyuma.

Chumba kilikuwa kidogo na cha baridi. Alisimama katikati, akanyanyua jembe, akalipiga chini mara moja, kwa nguvu. Nilijua anachokitafuta: alishuku kwamba wametandaza udongo kidogo tu juu ya zege ili kumridhisha. Jembe likazama. Akachimba tena, akainama, akaingiza mkono kwenye shimo hadi kwenye kiwiko, akautoa ukiwa mwekundu. Kisha akalifukia na kulikanyagakanyaga, na jembe akaliacha limeegemea ukutani.

"Haya," aliniambia. "Twende ukanioneshe huko mnakokusifia."

Alipanda polepole, mkono mmoja ukutani. Kila penye mlango watu walitoka kumwamkia, naye akapata sababu ya kupumzika bila kukiri kwamba anapumzika. Mtani wake, aliyepewa vyumba vya ghorofa ya kwanza, alisimama mlangoni.

"Mzaramo anakwenda mbinguni," alitangaza, "na hajafa."

"Nakwenda kukuombea ufunguliwe mlango," bibi akajibu na kupita.

Huko juu baba alikuwa amefungua madirisha yote. Alisogea ili mama yake apite. Bibi alikwenda moja kwa moja dirishani, akashika kizingiti kwa mikono miwili.

Nilichungulia kando yake. Chini yetu kulikuwa na nyumba yetu, ndogo, ya rangi ya majani makavu. Bibi alikuwa ameishi chini ya paa lile tangu alipoolewa, na hakuwahi kuliona kutoka juu.

"Kumbe limeoza hivi," alisema kwa sauti ya chini, "upande ule wa jikoni."

Kisha akainua macho. Mikorosho iliendelea hadi ikaacha kuwa miti na kuwa rangi tu, na mbali kabisa, upande wa kusini, kulikuwa na vilima vya buluu.

"Kule ni wapi?"

"Kisarawe, mama," baba akasema. "Vihingo iko huko huko, nyuma yake."

Upepo wa huko juu haukuwa upepo tuliouzoea. Haukuwa na vumbi wala moshi, na uliipandisha khanga ya bibi mabegani na kuiteremsha. Alikaa akitazama muda mrefu, midomo ikitembea kidogo, na mimi sikuthubutu kumgusa.

"Mahali kote huku," alisema mwishowe, "na kunaonekana kwa wakati mmoja."

Halafu akaniambia, bila kugeuka, niende nikamletee mkeka wake wa kusalia.

Nilishuka mbio. Nilipofika mahali pa kwanza pa kupumzikia ngazini, chini ya sakafu yetu, ilinibidi nisimame, kwa sababu nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia maishani: juu ya kichwa changu, kupitia zege, miguu ya mtu ninayemjua ilikuwa ikienda kutoka ukuta hadi ukuta, ikirudi, ikichagua mahali.