Wali wa Ngumi Moja

Mie ni muuza nyama. Nina bucha dogo Temeke, kila alfajiri nakwenda Vingunguti kuchukua mzigo, halafu kutwa nzima nashinda mbele ya mizani. Kwa hiyo mtu akisema mizani haidanganyi, nacheka kimoyomoyo. Ila mizani iliyoninyoosha mie haikuwa ya nyama. Ilikuwa ya watu, imewekwa chini ya ngazi kwenye bustani ya michezo ya maji, upande wa Kinondoni, kule ufukweni.

Mwaka jana nilienda huko na binti yangu, wawili tu. Kuna bomba refu la kuteleza. Mnapanda ngazi mpaka juu, mnakaa wawili kwenye boya moja, maji yanawasukuma mpaka mnamwagika bwawani. Mtoto ambaye hajafikia mstari uliochorwa ukutani lazima apande na mtu mzima, na mtu mzima asizidi kilo mia. Binti yangu alikuwa na miaka minane, mstari hakuufikia. Mie kilo nilizifikia, zikabaki. Mia na kumi na moja. Dada wa mizani akanirudisha mbele ya foleni nzima, tena kwa adabu zote.

"Samahani mzee wangu."

Mzee! Mie nina miaka thelathini na tisa.

Nikamwambia binti apande na mama mmoja aliyekuwa mbele yetu, yule mama mwenyewe kashakubali. Akakataa. Akanishika mkono tukatoka kwenye foleni, akaniuliza kama nataka askrimu. Yaani mtoto ndo ananibembeleza mie. Aliponiangalia macho nikamwambia ni ile dawa wanayotia bwawani. Akasema, "Lakini baba, hata hujaingia bwawani."

Nyumbani tuna alama za kalamu kwenye fremu ya mlango, za kimo chake. Nikapiga hesabu: mwaka huu atakuwa bado kidogo, vidole viwili hivi, kufikia ule mstari. Mwakani atapanda peke yake. Mama yake humtegemei kwenye mambo hayo, akipanda stuli kubadilisha taa tu anasoma dua. Kwa hiyo nafasi yangu ilikuwa moja. Nikiikosa mwaka huu ndo basi tena, mtoto hatonihitaji.

Nikaenda dispensari. Nesi akaanza kuniandikia mambo ya kalori, ya wali ngapi, ya chapati ngapi, ya soda ngapi. Nikamwambia, "Sista, mie shule niliiachia kidato cha pili, na aliyenifukuza ni hesabu." Akafunga daftari, akakunja mkono wake.

"Basi tutumie huu. Wali au ugali usizidi ngumi. Nyama kiganja, bila vidole. Mboga za majani nusu sahani. Soda usiijue."

Nikaona hilo naliweza. Mwezi mzima nikafuata kama mlokole mpya, na sikupungua hata nusu kilo. Nilikuwa nakaribia kwenda kugombana na nesi, mpaka siku moja tunakula, binti akaweka ngumi yake pembeni ya wali wangu. Akaangalia. Akaangalia na yangu.

Ngumi yangu mie ni ya mtu aliyekata mifupa kwa shoka miaka kumi na sita. Nikiisahau juu ya meza ya bucha mteja anaweza kuniuliza hiyo kilo ngapi. Nesi wa watu aliponionyesha ngumi alikuwa anawaza ya kwake. Mie nikawa najipimia kwa ya kwangu, na kwenye wali nilikuwa naijumlisha na kidole gumba.

"Baba," binti akasema, "hii ngumi yako ni ya familia. Tumia yangu."

Tangu siku hiyo, kila mlo, mtoto anakunja mkono anauweka karibu na sahani yangu, mama yake anapakua kwa kipimo hicho. Wali kama andazi. Wiki ya kwanza niliota ugali. Lakini kilo zikaanza kuondoka, na Ijumaa ya kuamkia safari nesi akanipima: tisini na tisa na nusu. Nilimpa mkono kwa furaha mpaka akauvuta wake.

Safari yenyewe ilikuwa Jumamosi na Jumapili, tulale hukohuko. Na mwaka huu tulikuwa wanne, maana mke wangu alimwalika mama yake, anayekaa Kipawa. Nampenda mama mkwe wangu, naomba ieleweke. Mie mtu wa Singida, nimeingia kwenye ukoo wa watu wa pwani sijui hata kuchambua samaki, na mama yule hajawahi kunicheka mbele za watu. Ila mapenzi yake yote yanapitia kwenye sufuria. Aliponiona nimepungua alimvuta mke wangu pembeni, akadhani sisikii.

"Mwenzio unampa nini? Umemwachia mtoto wa watu anakonda hivyo, ndugu zake watasemaje?"

Kwa hiyo tulipompitia asubuhi alikuwa mlangoni na baibui lake jipya, na hotipoti ya ukubwa wa ndoo. Pilau. Amelipika tangu alfajiri kwa ajili ya mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Pokea huo mzigo, ni wako."

Pale getini mlinzi akafungua mfuniko, harufu ikamtoa macho. Akajikaza.

"Mama, chakula cha nje hakiruhusiwi."

"Hiki si cha nje. Nimepika ndani kwangu."

"Mama, utaratibu."

"Haya, utaratibu unasema tukimwage?"

Mlinzi akatuonyesha maegesho. Kumwaga pilau hata yeye roho isingemruhusu. Basi tukakaa kwenye ukingo wa maua pale maegesho, saa tatu asubuhi, watu wanapita na maboya yao, sie tunakula. Na mlinzi akapata sahani. Mama mkwe akanipakulia mie kwanza, kwa mkono wake, mlima wenye nyama juu. Binti akanyanyua ngumi. Nikamtazama aishushe. Sahani ya mama mkwe huikatai. Hata kubakiza huwezi, ukibakiza umesema chakula kibaya, na ukisema chakula kibaya umesema mengi. Nikala yote. Akaniongeza. Mke wangu kanitazama kwa huruma, ananiambia kwa midomo tu, "Pole."

Tukaingia, tukapita kwenye bomba la kuoga la lazima, mie na fulana yangu kubwa nene, maana kitambi sikutaka kukitembeza. Nikaenda moja kwa moja kwenye mizani nikiwa na imani ya kijinga. Mia na moja nukta mbili. Dada wa mizani alikuwa yuleyule.

"Mzee wangu, umejitahidi sana. Jaribu tena kesho."

Binti aliisoma namba mwenyewe. Alikwenda kusimama kwenye ule mstari ukutani, akajipima na kiganja, vidole viwili kasoro, akarudi. Mchana kutwa tulishinda kwenye bwawa la kina kifupi na watoto wadogo. Mie nilikuwa kama kiboko kati ya vifaranga.

Na kula kwenye sehemu kama ile ni mtihani usio na likizo. Kila ukigeuka kuna mtu anakaanga kitu. Chips, kuku, mishikaki, bisi, juisi ya miwa. Mchana binti akanipeleka kwenye meza ya kachumbari kama mlinzi wa benki. Nikachukua mshikaki mmoja, nikautafuna taratibu, kila kipande nakipa heshima zake. Mke wangu akacheka mpaka akakabwa na soda, halafu ile soda akaisogeza mbali na mie.

Kazi ilikuwa jioni. Chakula pale unajipakulia mwenyewe, na mama mkwe alivyoona mabakuli yamepangwa ukuta mzima akafurahi kwa niaba yangu. Kabla sijafika mezani sahani yangu ilishakaa: wali wa nazi, viazi, paja la kuku, samaki kwa juu.

"Kaa baba. Umeshinda kwenye maji, mwili umechoka."

Nikakaa. Nikashika kijiko. Binti akasimama, akakunja ngumi, akaiweka juu ya meza karibu na sahani. Safari hii hakunitazama mie.

Bibi yake akauliza, "Ndo nini hiyo, unataka kumpiga baba yako?"

"Bibi, baba anatakiwa ale wali kama huu tu. Akizidi kilo mia hatupandi. Na mwakani mie nitakuwa nishakuwa mrefu."

Alisema kwa sauti ya chini, halafu akakaa, ngumi kaiacha palepale. Mke wangu akawa anakunja kitambaa cha meza. Mie natafuta pa kuficha uso, nikauficha kwenye glasi ya maji.

Mama mkwe aliiangalia ile ngumi. Halafu akaniuliza, "Na lile pilau la asubuhi?"

"Lilikuwa tamu sana mama."

"Sijauliza utamu."

Nikakiweka kijiko chini. Akavuta sahani yangu taratibu akaiweka mbele yake. Hakuila. Nilijua nimemuumiza, na sikujua namna ya kumwambia kwamba katika maisha yangu yote, mbali na mama aliyenizaa, hakuna mtu aliyewahi kuamka alfajiri kwa ajili ya tumbo langu. Maneno kama hayo mie sina. Nikasema, "Mama, ukipika tena Idi nitakula," na yeye akasema, "Kalale baba."

Asubuhi nilimkuta ameshafika mezani kabla yetu. Kasimama mbele ya yale mabakuli na binti, wameshikana mikono. Kumbe hawajashikana. Bibi ameishika ngumi ya mjukuu, ameinyanyua mpaka juu ya sahani, anapakua kiazi kitamu kidogo, anapima, anapunguza kwa ncha ya kijiko, anapima tena. Mpishi wa pale anawaangalia mdomo wazi. Mama mkwe akaniletea: kiazi ngumi moja, yai moja, matango yamejaa nusu sahani, yamepangwa duara vizuri kama ya harusi.

"Kula baba," akasema. "Usibakize."

Nilikula. Hata tango moja sikubakiza.

Tukaenda wote mpaka kwenye mizani, hata yeye na baibui lake. Nikapita kwenye bomba la kuoga, nikapanda. Namba nyekundu zikacheza zikatulia. Mia nukta nne. Dada wa mizani akapiga mluzi kidogo kwa masikitiko.

"Mzee wangu, jamani! Hebu ngoja. Hiyo fulana imelowa chapachapa, ina uzito wake. Vua."

Hapo ndo nikakwama. Nyie mnaweza kuona ni jambo dogo. Mie miaka kumi na mbili ya ndoa sijawahi kusimama kifua wazi mbele ya mama mkwe. Hata akija kwetu ghafla na joto la Temeke mnalijua, nakimbilia shati kama nyumba inaungua. Ni mkwe. Kuna vitu havifanyiki. Nikashuka kwenye mizani.

"Acha tu dada," nikasema. "Haina noma."

Binti akaniachia mkono. Hakulalamika, ila aliniachia.

"Unashuka unakwenda wapi?" Mama mkwe huyo. Nikageuka, nikamkuta ameshanipa mgongo. Ameuvuta mtandio mpaka usoni, ameelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa darasani. Mkono mmoja ameunyoosha nyuma.

"Vua, nipe. Mie sioni kitu."

"Mama..."

"Vua nawe! Mtoto anasubiri. Na wewe mama mtoto, geuza uso, unacheka nini?"

"Mama, huyu mume wangu!"

"Geuka!"

Mke wangu akageuka, mabega yanatikisika. Nikavua. Nikauweka ule mzigo unaochuruzika mkononi kwa mama mkwe, nikapanda kwenye mizani na kitambi changu mbele ya Dar es Salaam nzima. Tisini na tisa nukta saba. Foleni ikapiga makofi. Dada wa mizani akasema, "Pitaaa!"

Kule juu ndo nikakumbuka kwamba naogopa kuwa juu kuliko anavyoogopa mke wangu, kitu ambacho kwa mwaka mzima wa kuwaza kilo sikukiwaza hata siku moja. Binti alikaa mbele kwenye boya, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akapapasa mpaka akalipata goti langu.

"Baba, ukiogopa fumba macho. Mie nitakwambia tukifika."

Nikafumba. Kelele zilizosikika zilikuwa zangu. Za kwake zilikuwa za kucheka. Katikati nilifumbua kidogo, nikaona kisogo chake na nywele zimelowa, nikajikaza nisifumbe tena mpaka mwisho.

Tulipotoka bwawani mama mkwe alikuwa palepale, mgongo kwetu, uso ukutani. Hakutuona tukiteremka hata kidogo. Fulana yangu ilikuwa bado mkononi mwake, ameinyoosha nyuma vilevile, imemlowesha baibui jipya ubavu mzima.

"Mmefika?" akauliza.

"Tumefika bibi! Baba kalia!"

"Mwongo," nikasema. Nikaichukua fulana nikavaa kwa haraka, kichwa nikakipitisha kwenye mkono.

"Umeshavaa?"

"Nimevaa mama."

Akageuka. Akaniangalia nilivyovaa, akanirekebisha kola kwa vidole viwili, kama mtu anayemwandaa mwanawe kwenda shule.

"Haya," akasema, "tukale. Leo ngumi mbili."

Binti akaangalia ngumi yake, akafikiria.

"Moja na nusu," akasema.