Mafuta Yasiyonukia kwa Goti la Bi Mkubwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikumgusa mgonjwa hata mmoja. Nilitoka kwetu Rabai nikafika Mambrui kwa Bi Mkubwa, mwenye kutengeneza mafuta ya kuchulia viungo, nikidhani nitakabidhiwa chupa na goti la mtu. Nikakabidhiwa sinia la asumini nitoe vikonyo! Nilivitoa mpaka jioni, harufu imenipanda kichwani, na niliporudi kulala nilikuwa nacheka peke yangu. Kazi nilikuwa nimeipata.

Nyinyi vijana mnaonunua chupa dukani, sikilizeni. Asumini huchumwa jioni kabla hazijafunguka, hulazwa ndani ya mafuta ya nazi, kesho yake hutolewa zikatiwa nyingine. Tone la maji likiingia, mafuta huota ukungu na kazi yote imekwenda. Halafu kuna kuchua kwenyewe: unapasha mafuta yapate uvuguvugu, unaanza mbali, kwenye paja na muundi, unalikaribia goti polepole. Goti lililovimba na kuwaka moto haliguswi, linakwenda hospitali. Hapo Bi Mkubwa alikuwa mkali kama pilipili.

"Sisi twaliliwaza goti, hatulitibu," alikuwa akisema. "Na mafuta yasiyonukia, Sidi, hayo ni ya kupikia."

Kutoka kwake nilikwenda hoteli moja ya Malindi. Meneja, mtu wa bara, aliniambia wageni wachuliwe kimya, hakuna soga. Mimi na soga! Lakini baada ya wiki chache bega lake lilimkaza, akaja mwenyewe kuchuliwa, akapiga soga kuliko mimi. Mwishowe akanifanya msimamizi wa wachuaji, na mafuta yetu yote yakatoka kwa Bi Mkubwa.

Kisha mumewe Bi Mkubwa akafariki. Niliomba ruhusa kwa Meneja, nikatoka kazini moja kwa moja mpaka Mambrui, na chupa ya asumini mkobani.

"Hodi! Shikamoo, Bi Mkubwa. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu, nishapoa. Lakini simama hapo hapo! Wanuka mpaka mlangoni. Mimi niko edani."

Eda ni muda wa miezi minne na ushei ambao mjane Mwislamu hukaa nyumbani, hajipambi wala hajitii manukato. Mimi Mkristo wa Rabai nilikuwa nimesahau kabisa. Nikaoga, nikaazima leso, nikarudi. Ndipo nikaona jinsi alivyokaa, mguu mmoja umenyooka kama mti. Daktari alikuwa ameliona goti lile, akasema gegedu, ule mto laini unaotenganisha mifupa, imelika. Vidonge alikuwa navyo.

"Naswali kitini, Sidi," akasema, na machozi yakamtoka. "Mzee wangu nataka nimwombee nimeweka paji la uso chini. Na mafuta yangu mwenyewe siwezi kuyatumia."

Iliniuma sana. Nikakaa jikoni kwake nikifikiri, macho yangu yakaangukia kopo la tangawizi.

"Bi Mkubwa, tangawizi ni manukato?"

"Tangawizi ni ya chai, mwanangu!"

Basi! Nikatwanga tangawizi kavu, maana mbichi ina maji, nikaipasha ndani ya mafuta ya ufuta kwa moto mdogo, nikachuja kwa kitambaa. Aliyanusa akakunja uso, akaniuliza kama nataka kumkaanga. Lakini akanyoosha mguu. Kila nilipopata nafasi nilikwenda kumchua baada ya Alasiri, na nisipokuwepo binti yake alimchua, kisha tukimkunjisha goti taratibu, leo kidogo, kesho zaidi.

Siku moja akaniambia nikae ukumbini. Nikamwona kupitia pazia akiinama, akishuka, mpaka paji likafika mkekani. Alibaki hivyo muda mrefu. Nikalishika pazia: je, atainuka? Akainuka! Na mimi, wallahi sikujizuia, nikapiga kigelegele. Majirani wakaja mbio, kigelegele nyumba ya msiba! Bi Mkubwa alimaliza sala yake, akatoa salamu, akanigeukia.

"Wewe Mrabai, utanifukuzisha mtaani!" Akacheka mpaka akafuta macho kwa leso.

Sasa nimestaafu. Watu huniuliza ua gani ndilo dawa, nami nawaambia ua ni raha ya pua na moyo, nalipenda mno, ila goti linataka mkono wenye joto na mtu asiyechoka kurudi. Siku ya kuniaga wanawake tulikaa chini mkekani, tukala pilau, tukacheza vibaya sana. Wakati wa kuondoka ulipofika Bi Mkubwa alikunja goti, akaweka kiganja chini, akasimama mwenyewe. Akaniangalia mimi, bado nimekaa, nashindana na magoti yangu.

"Haya, Sidi," akasema, akininyooshea mkono. "Njoo, mwanangu."