Neno la Kufungulia Kompyuta Yangu

Mwaka 1993, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, tembo walimaliza shamba langu lote Kilimarondo. Nilitoka pale na mke, mtoto mmoja na baiskeli. Shule yangu ni darasa la tatu, basi. Nikaziba pancha Nachingwea mjini miaka kumi na zaidi, sikumlilia mtu. Mwaka 2005 nikanunua kompyuta iliyotumika, nikafungua duka la kuchapa. Binti yangu ndiye aliyechapa.

Akaja mwalimu wa sekondari, mwanamke aliyeletwa na kazi kutoka Bukoba, na mitihani ya shule.

"Mzee, hii ikivuja, kazi sina."

Nikamwambia kompyuta ina neno la siri. Akavuta kiti, akaandika mara moja. Ikafunguka!

"Umeambiwa na nani?"

"Na soko zima. Umeweka jina la binti yako. Tangu nimeingia hapa umeitwa baba nani mara ngapi? Hata muuza mihogo anaweza kuingia humu!"

Binti akacheka mpaka akainamia meza. Mimi sikucheka. Nikasema basi tuweke mwaka niliozaliwa.

"Huo nao wanaujua. Weka refu, mzee. Maneno manne yasiyohusiana, ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia kinywani mwako. Na usiyaandike popote."

Sikuhangaika. Asubuhi ile ya tembo, nikiwa nimesimama katikati ya shamba, niliona vitu vinne chini. Sijawahi kuvitaja, hata kwa mke wangu. Nikawaambia wote wawili wageuke, nikabonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja.

Mwalimu akajaribu, binti akimtajia ya maisha yangu. Jina la mke wangu. Kilimarondo. Tembo. Baiskeli. Akajaribu mpaka chai yake ikapoa, mashine inakataa tu.

"Hapo sawa, baba," akasema, akaniachia mitihani.

Nimefunga milango kwa minyororo na makufuli maishani mwangu. Lakini mlango usio na chuma, uliomshinda mwalimu, unaoshikiliwa na nilichokiona mimi peke yangu siku niliyopoteza kila kitu! Mpaka leo nikiuwaza mwili unasisimka.

Tangu siku ile kila asubuhi nafungua mimi, ndipo binti anachapa. Mitihani haikuvuja. Shule ile ikarudi, zikafuata nyingine hadi za Ruangwa.

Leo nina nyumba ya bati, duka Nachingwea, duka Ruangwa, kompyuta nne, mashine ya fotokopi, mikorosho Mnero, na baiskeli ile ile. Na maneno manne.